Mapambo ya Binti Anayetoka Usiku



Binti yako amekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Amefika kwa basi la jioni. Amekuletea doti moja ya kanga, sabuni na kilo mbili za sukari. Umefurahi. Lakini umemtazama masikioni. Amevaa hereni kubwa za duara, kila moja ina upana wa kikombe cha chai. Mkononi ana bangili saba. Mguuni ana kikuku. Kucha zake ni ndefu na nyekundu. Ukimwuliza, anakuambia kuwa si zake, zimebandikwa. Nywele pia si zake.

Usiku anawasimulia wadogo zake habari za muziki wa Jumamosi. Wewe unajifanya umelala, kumbe unasikiliza.

Asubuhi jirani anakuja kuomba moto. Anamtazama binti, halafu anakutazama wewe. Hasemi kitu. Lakini umemwelewa.

Makala hii ni yako, mzazi. Kama binti yupo hapo karibu, mpe naye aisome. Yeye amesoma zaidi, basi akusomee kwa sauti.

Bibi zetu nao walipenda mambo mapya

Watu wengi hufikiri kwamba mapambo ya kigeni yalianza juzi, pamoja na simu na televisheni. Si kweli.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi walibeba vitambaa, waya wa shaba na shanga. Waliporudi pwani walibeba pembe za ndovu. Shanga nyingi zilitengenezwa mbali sana, katika mji wa Venice huko Italia. Waya wa shaba uligeuzwa kuwa bangili na vikuku.

Sasa sikiliza jambo hili. Wenye misafara walipata taabu kubwa na shanga hizo. Mwingereza Richard Burton alisafiri katika njia hiyo kuanzia mwaka 1857. Aliandika kwamba kulikuwa na aina nyingi sana za shanga, na kila sehemu ilikuwa na aina yake iliyopendwa. Hapa watu walitaka nyekundu. Mbele kidogo walitaka nyeupe. Mfanyabiashara aliyefika na rangi ambayo watu wameichoka alikwama nayo. Hakuweza kuzibadilisha hata kwa chakula.

Nani aliyeichoka rangi hiyo? Ni bibi zetu na babu zetu. Walikuwa wateja wagumu! Walijua kinachovaliwa mwaka huu na kilichopitwa na wakati, kama vile binti yako anavyojua.

Kule pwani mapambo yalikuwa na maana nyingine tena. Wakati wa utumwa, mtumwa wa kike katika Unguja alivaa nguo duni, kama merikani au kaniki. Alitembea bila viatu. Hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama bibi yake. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Wanawake waliotoka utumwani walifanya nini? Wengi walinunua kanga. Walijifunika kichwa. Walitembea mjini wamependeza ili kila mtu aone kwamba wao si mali ya mtu tena. Kwao, kujipamba ilikuwa njia ya kusema: mimi nami ni mtu huru.

Kuna binti mmoja aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja. Alizaliwa karibu mwaka 1880. Alikuwa akiuza vyungu ambavyo mama yake alifinyanga. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alijifunza kuimba, naye akawa akialikwa usiku kuimba kwenye majumba ya watu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Jina lake ni Siti binti Saad. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Bila shaka Fumba kulikuwa na majirani waliotikisa vichwa alipoondoka.

Mwaka wa marufuku

Wazee wengine wanakumbuka mwaka 1968. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, mjini Dar es Salaam ilikuwa marufuku kuvaa vimini, mawigi na suruali za kubana, na kutumia dawa za kujichubua ngozi. Ilisemwa kwamba mambo hayo yanaharibu utamaduni wetu.

Lakini hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vikundi vya vijana wa kiume viliingia mitaani Kariakoo. Waliwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi. Waliwachania nguo. Wengi wa wanawake hao walikuwa wafanyakazi, wanakwenda kazini au wanarudi nyumbani.

Magazeti yalipokea barua nyingi juu ya jambo hili. Wengine waliunga mkono. Wengine waliuliza: utamaduni gani huu unaolindwa kwa kumpiga msichana kituoni?

Swali hilo bado ni zuri. Wigi halikwisha. Miaka michache baadaye vijana wa kiume wenyewe walikuwa wamevaa bugaluu na viatu vya raizoni, wakienda kucheza dansi. Wewe baba unayesoma hapa, huenda ulikuwa mmoja wao. Ulikwenda kumsikiliza NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Au ulikwenda Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978. Katika miaka ile bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na jumuiya na mashirika ya umma. Ulilipa kiingilio, ukacheza, ukarudi nyumbani usiku wa manane. Hakuna aliyekuita mhuni. Au kama alikuita, ulimsahau.

Kwa hiyo tuache swali la kama binti anajipamba au anatoka usiku. Tuulize maswali mengine. Mapambo hayo yametengenezwa kwa kitu gani? Yanakula fedha kiasi gani? Na muziki ukiisha, anarudije nyumbani?

Sikio linalowasha

Tuanze na hereni, kwa sababu hapa kuna madhara ambayo wengi hawayajui.

Hereni za bei rahisi hazitengenezwi kwa dhahabu. Ndani ni mchanganyiko wa madini rahisi. Juu hupakwa rangi nyembamba sana ya dhahabu au fedha. Jasho likiingia, rangi ile hutoka. Yale madini ya ndani yanagusa ngozi.

Mojawapo ya madini hayo ni nikeli. Nikeli haimdhuru kila mtu. Lakini kuna watu ambao ngozi zao huikataa. Sikio huwasha. Halafu linakuwa jekundu, linavimba, linatoa vipele na maji. Watu husema, "Sikio limeoza," au "Amerogwa na wenzake." Hakurogwa. Ni nikeli. Ngozi ikishaikataa nikeli mara moja, huendelea kuikataa maisha yote. Basi mtu huyo anaweza kuwashwa pia na saa, na kifungo cha suruali, na hata mkufu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kuna sheria inayoweka kiwango cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye hereni na saa.

Afanye nini? Avue hereni hizo siku hiyo hiyo. Aoshe sikio kwa maji safi na sabuni. Asipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Kama sikio linatoa usaha, aende zahanati. Baada ya kupona, avae hereni za plastiki, za mbao, za pembe ya ng'ombe au za dhahabu nzuri. Watu wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kile kijiti kinachoingia sikioni. Hiyo husaidia kwa siku chache tu, halafu hubanduka.

Je, bangili ikiacha alama ya kijani mkononi? Usiogope. Hiyo ni shaba iliyokutana na jasho. Inatoka kwa sabuni.

Jambo jingine. Mapambo mengine ya bei rahisi yana risasi ndani yake. Hii si risasi ya bunduki, ni madini ya risasi. Mtu mzima akivaa mkufu huo nje ya ngozi hapati madhara makubwa. Lakini mtoto mchanga hupenda kunyonya mkufu wa mama au wa shangazi. Risasi ikiingia tumboni mwa mtoto huharibu ubongo wake. Basi, shangazi akitaka kumpakata mtoto, avue mkufu kwanza.

Na kuhusu kuazimana. Wasichana wa mjini huazimana hereni kila wiki. Si vibaya, ndivyo wanavyopunguza gharama. Lakini wazifute kwanza kwa spiriti. Sindano ya kutobolea masikio isitumiwe na watu wawili. Damu kidogo tu inaweza kubeba ugonjwa wa homa ya ini B, au virusi vya UKIMWI.

Wigi na moto wa kuni

Wigi la nyuzi za plastiki linayeyuka likikaribia moto. Mjini binti hupikia gesi au mkaa, akiwa amesimama au amekaa mbali. Huku kijijini tunainamia mafiga na kupuliza. Cheche moja ikiruka, wigi linashika, na plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Kwa hiyo mwambie mwanao: akiingia jikoni, avue wigi, afunge kilemba. Hilo si suala la heshima. Ni suala la kuungua.

Kucha za kubandika nazo zina taabu yake. Hawezi kukanda ugali vizuri nazo, hilo umeliona. Uchafu hukaa chini yake. Akiandaa chakula asugue chini ya kucha kwa brashi na sabuni.

Kuna jambo moja ambalo katika marufuku ya mwaka 1969 lilikuwa na sababu nzuri, ingawa sababu yenyewe haikuwa utamaduni. Ni dawa za kujichubua. Siku hizi mchanganyiko huo unaitwa mkorogo. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, ikaenda kuharibu figo. Nyingine zina haidrokwinoni au dawa kali zinazofanya ngozi kuwa nyembamba, hata kidonda kikachelewa kupona. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini bado vinauzwa kwa siri. Ukiona uso wa binti ni mweupe na vidole vyake ni vyeusi kwenye maungio, mwulize kwa upole. Usimcheke. Akicheka mtu, atajificha, naye ataendelea kupaka.

Hesabu ya Jumamosi moja

Sasa chukua kalamu na karatasi. Bei tutakazotumia hapa ni za mfano tu. Weka bei za kweli pamoja na binti yako.

Tuseme hereni za rangi ya dhahabu zinauzwa shilingi 3,000 Kariakoo. Zinang'aa kwa miezi 2. Halafu zinakuwa nyeusi, anazitupa. Kwa mwaka mmoja atanunua jozi 6. Sita mara 3,000 ni shilingi 18,000. Bangili, mikufu na mikoba ni vivyo hivyo. Tuseme jumla ya mapambo yote ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka amebaki na nini? Amebaki na mfuko wa vitu vyeusi.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na hesabu tofauti. Walinunua kidogo, lakini walinunua dhahabu au fedha. Bangili ya dhahabu ilikuwa pambo siku ya harusi. Siku ya ugonjwa ilikuwa benki. Ilipelekwa kwa sonara, ikapimwa, ikauzwa, mtoto akatibiwa.

Binti akitaka kufuata njia hiyo, ajue mambo machache. Usafi wa dhahabu hupimwa kwa karati. Dhahabu tupu ni karati 24. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, yaani robo tatu. Karati 9 ina dhahabu chini ya nusu. Kwenye pete au hereni nzuri kuna alama ndogo. Alama 750 ni karati 18. Alama 375 ni karati 9. Alama peke yake haitoshi, kwa sababu mtu mwongo anaweza kuigonga. Anunue kwa sonara mwenye duka, apime mbele yake kwa gramu, na apewe stakabadhi. Asinunue kwa mtu aliyekutana naye stendi, hata kama ana machozi na hadithi ya mama mgonjwa.

Inashangaza kidogo. Nchi yetu inachimba dhahabu nyingi. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, na la Geita lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Lakini binti wa Geita anakwenda Dar es Salaam kununua bangili iliyopakwa rangi ya dhahabu, iliyosafiri kwa meli kutoka China!

Hata hivyo sitaki kumlaumu. Dhahabu ni ghali. Mshahara wa msichana anayeuza duka la mtu ni mdogo. Hereni za shilingi 3,000 humpa furaha ya Jumamosi nane au tisa, na furaha nayo ina bei yake. Ninachosema ni kwamba aijue bei hiyo kwa mwaka, si kwa siku.

Ndani ya mkoba

Mwombe binti akuonyeshe mkoba wake wa kutokea. Usiupekue. Mwombe.

Ni mkoba mdogo, wenye mkanda mrefu. Kama binti ni mwerevu, ndani utakuta simu yenye chaji. Utakuta mtandio au kanga ya kujifunika njiani. Utakuta kandambili. Kandambili za nini? Kwa sababu mguuni amevaa mchuchumio. Ukivaa kisigino kirefu, uzito mwingi wa mwili husukumwa mbele kwenye vidole. Kwa saa moja ni urembo, kwa saa tano ni adhabu. Na tena, mtu hawezi kukimbia na mchuchumio kwenye mchanga.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho lazima kiwepo, lakini si ndani ya mkoba. Ni nauli ya kurudi. Nauli hiyo ikae mahali pengine, imekunjwa ndani ya nguo. Muziki wa taarabu au dansi huanza saa 3 au saa 4 usiku, na unaweza kwisha saa 8 au saa 9. Saa hizo daladala ni chache. Kuna bajaji, teksi na bodaboda. Binti asiye na nauli hana uhuru wa kuchagua. Atapanda gari la yeyote atakayesema, "Njoo nikupeleke." Hapo ndipo hatari kubwa ya usiku ilipo. Haiko kwenye hereni.

Kwenye taarabu kuna desturi ya kutunza. Mwimbaji akiimba maneno yanayokugusa, unasimama, unacheza hadi mbele, unampa noti. Ni raha kubwa, na wenzako wote wanakutazama. Siku hiyo mapambo ndiyo yanang'aa! Lakini kuna wasichana wanaotunza mpaka nauli inakwisha. Ndiyo sababu nasema ikunjwe ndani ya nguo, mbali na mkono.

Wasichana wenye uzoefu hutoka watatu au wanne, na hurudi idadi ile ile. Hakuna anayeacha soda yake mezani akaenda kucheza, halafu akarudi kuinywa. Akiiacha, ananunua nyingine. Humwandikia mtu aliyebaki nyumbani ujumbe wa simu: tupo mahali fulani, tunaondoka saa fulani. Kabla ya kutoka nje ya ukumbi huvua hereni kubwa na mkufu, huvitia ndani ya mkoba, na mkoba huwa chini ya kanga. Waporaji wa pikipiki huvuta kinachoning'inia. Hereni ya duara ikivutwa, huchana sikio mpaka chini. Sikio hilo hushonwa hospitali, na alama hubaki.

Binti yako anayajua mambo haya? Huenda anayajua kuliko mimi. Huenda hajui hata moja. Huwezi kufahamu kama kila akitaja Jumamosi unageuza uso. Kuna mabinti waliokwama mjini saa 9 usiku, hawakumpigia simu mzazi kwa kuogopa kuulizwa, "Ulikwenda huko kufanya nini?" Swali hilo lina wakati wake. Wakati wake ni asubuhi, akiwa amefika salama.

Kabla hajaondoka, kubalianeni jambo moja: akikwama, apige simu, saa yoyote. Mtafuteni pamoja ndugu aliye karibu naye mjini, shangazi au mjomba, anayeweza kumlipia bajaji akifika mlangoni. Namba ya huyo ndugu iandikwe pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa.

Na zile hereni kubwa za duara, huenda amekuachia jozi moja. Zioshe kwa sabuni, zifute zikauke, uzihifadhi ndani ya kitambaa mbali na jasho na moshi. Zitadumu zaidi ya miezi miwili. Siku ya harusi zivae. Jirani aliyekuja kuomba moto atakutazama tena masikioni. Safari hii atauliza bei.